Kesi ya Ng'ombe wa Udongo

Kwenye semina tuliambiwa mwalimu wa darasa la awali asipange somo kabla hajajua watoto wanapenda nini. Mwezeshaji aliyetuambia hayo alisoma slaidi zake tangu asubuhi hadi chai bila kutuuliza sisi tunapenda nini. Nilirudi shuleni kwangu, huku upande wa Idete, nikiwa na cheti na kofia.

Wazo lenyewe hata hivyo nililipenda, kwa sababu nilikuwa na mtoto mmoja aliyeninyima raha. Alikuwa binti wa mfugaji wa Kisukuma, na tangu aletwe hakuwahi kutamka neno darasani. Baba yake aliniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, mpaka mpunga uvunwe. Kama bado haongei Kiswahili, arudi akachunge ndama." Wakati huo mpunga ulishaanza kuinama.

Kujua anachopenda haikuwa kazi. Kila mapumziko alichota tope mferejini akafinyanga ng'ombe, wenye pembe na nundu, wazuri kuliko picha zangu za ukutani. Nikaandika andalio la wiki nzima la udongo. Watoto wa wakulima nao hawakutaka kupitwa. Wakatengeneza majaruba, wakachomeka majani yakawa mpunga. Kichwa kikanivimba. Nikamwalika mwenyekiti wa kijiji na wazazi waje waone, maana kwetu hata choo cha shule hakifunguliwi mpaka mwenyekiti akae mbele.

Siku hiyo mwenyekiti alikalia kiti changu, soda mkononi. Baba wa binti alisimama mlangoni. Watoto walicheza kidogo tu, ng'ombe wa binti wakaingia kwenye mpunga, mwenye jaruba akapiga yowe. Nilitegemea ngumi. Wapi! Walifanya wanachokiona kwa wakubwa: wakaitisha kikao. Mmoja akajitwalia uenyekiti, akatoa tumbo mbele, akakohoa. Alimsikiliza mwenye mpunga kidogo, mwenye ng'ombe hakumpa nafasi kabisa, kisha akahukumu: "Ng'ombe huyu mnono ni wa kikao." Akamtia mfukoni.

Wazazi walicheka, kisha wakakumbuka nani amekaa mbele, kicheko kikageuka kikohozi. Ndipo binti akasimama.

"Siyo wa kikao," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Baba alisema unaenda kumla kwako. Na mwenye mpunga hapati kitu."

Muda wote huo nilikuwa nikimwomba Mungu mtoto huyu afungue mdomo. Ningejua, ningeomba na siku ya kuufungua.

Baba yake hakucheka. Alimtazama binti, akamtazama mwenyekiti, kisha akaniambia, "Wabeja, mwalimu. Asante sana. Kumbe anajua! Basi abaki." Mkulima mmoja nyuma yake, ambaye mpunga wake uliwahi kuliwa kweli, akasema kwa sauti kwamba mtoto hadanganyi. Wale wawili walikuwa hawasalimiani tangu masika.

Mwenyekiti alimaliza soda yake taratibu. Akasema michezo ya udongo inaharibu maadili, watoto wafundishwe nyimbo. Mwalimu mkuu, aliyekaa pembeni yake, alishakubali kabla sentensi haijaisha. Udongo ukapigwa marufuku, na wiki iliyofuata nikafundisha usafi wa mwili, somo ambalo hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kulipenda. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Mpunga ulivunwa, binti hakurudi kwenye ndama. Siku hizi anaongea mpaka namwomba apumzike. Juzi nilimkuta nyuma ya darasa na tope lake, nikajifanya sioni, halafu nikashindwa. Kila akimaliza ng'ombe alikuwa akimbinya tumbo kwa vidole viwili, mpaka mbavu zikaonekana. Nikamuuliza mbona ng'ombe wake wamekonda hivyo, na zamani walikuwa wazuri.

"Wanono wanachukuliwa," akasema, akachota tope jingine.