Mgomba wa Wepukhulu

Usiniambie habari za Hitla. Nimezisikia za kutosha. Mwaka wa arobaini na moja bwana mmoja wa serikali alikuja kwenye shamba la kaburu tulikokuwa tunaishi, mahali panapoitwa Ziwa, kaskazini ya Eldoret. Akasimama juu ya lori akatuambia kuna mtu huko Ulaya ananyang'anya watu nchi zao. Tukatazamana. Mama yangu, Nelima, akaninong'oneza, "Kumbe wako wengi?" Lakini kaka yangu Wepukhulu, maskini wa watu, aliamini. Akapanda lori hiyo.

Baada ya miaka mitatu ikaja barua: meli imepigwa, amezama baharini. Basi. Hakuna mwili.

Sisi Wabukusu hatumwachi mtu hivyo. Mwili usipopatikana, mgomba unakatwa na kulazwa kaburini mahali pake, ndipo watu wanyoe nywele na matanga yaishe. Mama alikataa miaka miwili mizima. Alisema akizika mgomba atakuwa amekubali mwanawe amekufa. Kila lori ikipita barabarani, anatoka nje kuangalia. Mwishowe akachoka. Mjomba akauleta mgomba kutoka kwetu Kimilili, maana kwa baridi ya kule shambani ndizi hazistawi, nasi tukamwomba kaburu ruhusa. Akasema, "Zikeni hapo kando ya nyumba yenu, hakuna atakayewasumbua." Na sisi, wapumbavu sisi, hatukumwambia aandike! Tukazika. Mama akanyolewa, akaanza kula vizuri tena.

Haukuisha mwaka, kaburu akauza. Serikali ikanunua shamba, ikampa mzungu mwingine, mgeni kabisa, eti asante kwa kupigana na Hitla. Asante! Na kaka yangu alikuwa ameenda kuvua samaki?

Huyo mzungu akataka ngano mpaka mlangoni petu. Mama akaenda kumwonyesha kaburi. Akauliza ni nani amelala mle. Mama, ambaye hakujua kudanganya, akamwambia ukweli wote: mwana yuko baharini, hapa ni mgomba. Mzungu akacheka. Nakuambia alicheka! Akasema hawezi kuacha ardhi nzuri hivyo kwa sababu ya ndizi.

Dereva wa trekta alikuwa Wanyonyi, Mbukusu kama sisi. Mama alipojisimamisha mbele ya kaburi, Wanyonyi akazima trekta, akashuka. "Mama, mimi siwezi," akasema. Mzungu akamsukuma, akapanda mwenyewe. Tuliogopa atamkanyaga Mama, tukamvuta kando, mimi na Wanyonyi, na hilo najilaumu mpaka leo. Jembe likapita. Likageuka, likapita tena. Mama akapiga kelele, "Hata bahari ilimuua mara moja tu!"

Wiki hiyo hiyo tukafukuzwa, na Wanyonyi pia. Tulipofika Kimilili wazee wakamwambia Mama kaburi likilimwa matanga yamefunguka tena, tukate mgomba mwingine, tuzike upya.

"Sitaki," akajibu. "Mimi mtoto simziki mara mbili."

Hakuna aliyemshinda. Alikufa miaka tisa baadaye, matanga ya mwanawe hayajaisha. Na ile ngano, mwaka ule, ilizaa vizuri sana. Ikapelekwa mjini Eldoret, watu wakala mkate.