Niliijua Mbao Ile, Nikanyamaza

Admin, ficha jina langu, maana huku Gakindu watu wananijua kwa kazi yangu. Nina miaka arobaini na mbili, ni fundi wa mbao, nina mke na watoto watatu. Mke wangu nitamwita Njeri. Naandika kwa sababu amebebeshwa kosa lisilo lake, na ninayejua ni mimi tu.

Mwaka jana tulimjengea mama yangu nyumba. Baba mkwe wangu, anayeuza mbao Sagana, akasema sakafu ni zawadi yake. Alileta lori zima siku ambayo ndugu zangu wote walikuwepo. "Hii ni mvule ya Congo," akasema akigonga ubao kwa ngumi. "Hii itatuzika sisi wote." Watu wakapiga makofi, mama akaomba sala ya shukrani.

Kesho yake nilipiga randa ubao wa kwanza. Rangi ya kahawia ilikuwa juu juu tu. Ndani mbao ilikuwa ya rangi ya waridi, mbichi kabisa, maranda yananata kwenye vidole. Ulikuwa mkaratusi! Nimeupasua tangu ujana wangu, siwezi kuukosea. Lakini kwetu nani anamwambia baba wa mke wake kwamba zawadi yake ni ya uongo? Hata kula naye meza moja huwa naona haya. Nikapigilia misumari. Mpaka leo sijui kama na yeye aliuziwa uongo.

Kiangazi kilipofika mbao zilikauka zikajikunja, kingo zikainuka. Kila nikienda kumsalimia mama nilikuwa nazilainisha kimyakimya, kama mwizi. Halafu siku moja akajikwaa kwenye ubao mmoja hapo sebuleni, akavunjika nyonga. Hatembei tena.

Baba mkwe alipokuja kumwona, dada yangu akamuuliza, "Mzee, kwani hii ni mvule gani inajikunja hivi?" Mzee akamgeukia Njeri, ambaye ndiye alikuwa akimsafishia mama nyumba kila Jumamosi.

"Si ni maji? Ati mnamwagia mbao ndoo mzima kama ni simiti! Mvule haitaki hivyo."

Binti yake mwenyewe, mbele ya watu. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai, na sikusema neno. Tangu hapo dada zangu hawamsalimii mke wangu.

Kinachoniua ni kwamba Njeri ameamini. Anampikia mama uji, anamgeuza kitandani, anamwosha. Wiki jana nilimkuta amepiga magoti akimwambia, "Mami, nisamehe, ni mimi nilikuvunja." Mama akajibu, "Nimekusamehe, lakini usioshe nyumba yangu tena."

Tukiwa njiani kurudi, Njeri akaniuliza polepole, bila hasira, "Wewe ni fundi. Mbona hukuniambia maji inaharibu?"

Nikamjibu, "Nilisahau."

Akanishika mkono, akasema nisijilaumu. Jamani, nilitaka ardhi inimeze. Nikisema ukweli, namwaibisha baba yake mbele ya ukoo wangu, na mama atajua kwamba mwanawe alimpigilia sakafu ile macho wazi. Na Njeri atajua nilimtazama akipiga magoti kwa kosa langu. Nyinyi mlio na wakwe, niambieni, nianze na nani, na nimwambie vipi?