Mkono wa Jirani wa Chini

Mwaka niliofeli somo la neva nikapewa sapu, yaani mtihani wa kurudia, wenzangu wote wa darasa la fiziotherapia walivaa majoho wakaenda zao. Mmoja alipata kazi Pemba, wengine wakavuka Dar es Salaam. Kundi letu la simu, ambalo zamani lilikuwa halitulii kwa maswali, likanyamaza baada ya picha za mahafali. Mimi nilibaki na miezi mitatu ya kurudia masomo, madaftari yangu, na chumba cha kupanga ghorofani, mtaa wa Malindi.

Nilikuwa nikisimama mbele ya ukuta nikauliza swali, nikajibu mwenyewe, nikajipa na alama. Nikikosea hakuna wa kunicheka. Kuna siku magharibi iliingia ndipo nikatanabahi kwamba tangu asubuhi sijasema na mtu, ila ile shikamoo niliyompa mzee wa chini nilipokwenda kununua mkate.

Mzee huyo, Mhindi mzaliwa wa mtaa ule ule, alikuwa na duka la vitambaa. Mkewe alikwisha fariki, mwanawe yuko Uingereza. Adhuhuri hufunga milango akalala kwenye kiti chake cha mbao mpaka saa tisa.

Siku moja, saa tisa hiyo, nikasikia ananiita. Sauti haikuwa yake ya siku zote.

"Naam!" Nikateremka mbio.

Alikuwa ameupakata mkono wa kulia, kiganja kinaning'inia.

"Mwanangu, nshapata kiharusi. Nnaamka, mkono hauna habari na mimi."

Nilimwambia atabasamu; mdomo haukupinda. Mikono yote miwili aliinua. Kiwiko alikinyoosha kwa nguvu. Miguu mizima, maneno yanatoka sawasawa. Lakini nilipomwambia ainue kiganja kama anayemsimamisha mtu njiani, hakikuinuka, wala vidole havikunyooka. Nikamgusa nyuma ya mkono, karibu na dole gumba.

"Hapo pana ganzi," akasema.

"Ulilala vipi?"

Akanionyesha: mkono ameutundika nyuma ya kiti, ubao umembana chini ya bega.

Nilijua. Ukurasa wenyewe niliuona machoni: neva inayopita nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Lakini mimi ni mtu niliyefeli neva, sikuthubutu kumwambia mzee wa watu asiwe na wasiwasi. Nikampeleka hospitali. Daktari alimpima kwa utaratibu ule ule, akasema si kiharusi, neva imebanwa na itarudi taratibu. Akampa kifaa cha kushikilia kiganja na mazoezi ya kila siku.

Tangu hapo kila alasiri nilishuka dukani. Mimi nikimnyoosha vidole, yeye ameshika daftari langu kwa mkono mzima, ananiuliza. Majina ya misuli yakimshinda kutamka, husema, "Hili refu hili, kazi yake nini?" Nikijibu vibaya hakunionea haya.

"Umeruka mmoja. Anza tena."

Wiki ya sita kiganja kiliinuka, upana wa kidole tu. Akakiinua tena kuhakikisha.

Wiki chache baadaye, mtihani ukiwa umekaribia, mwanawe akaja kumchukua. "Baba hawezi kukaa peke yake," aliniambia kwa heshima. Nilitaka kumwambia kwamba hakuwa peke yake. Asubuhi ya safari mzee alinipa mkono wa kulia, akanibana vizuri. Duka likatiwa kufuli.

Mtihani haukuuliza habari za mkono hata swali moja. Uliuliza uti wa mgongo na uso. Matokeo niliyasoma kwenye simu, nimesimama ngazini: nimefaulu. Nikampigia mama aliyeko Makunduchi. Akamshukuru Mungu, kisha akaniuliza kama nimekula. Halafu nikamwandikia mzee.

Jibu lilikuja siku ya pili. "Hongera sana mwanangu. Mkasi nnaushika sasa, lakini huku hakuna kitambaa cha kukata. Baridi kali. Alasiri hizi unakaa na nani?"

Nikafungua lile kundi letu la simu; baada ya picha za mahafali hapakuwa na kitu. Mwisho nikamwandikia kwamba nna wenzangu wengi.