Nusu ya Daftari

Sijawahi kuchukia namba kama nilivyochukia thelathini na saba. Hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya daftari letu la wanachama, na katiba ya chama chetu cha wakunga inataka nusu hiyo ikae ukumbini yenyewe, si kwa simu wala kwa kutuma salamu. Mikutano mikuu mitatu mfululizo ikikosa nusu, chama kimekufa. Miwili ilikuwa imeshakosa. Wa tatu ulikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa kuazima mtaani Mutanga Sud, na katibu nilikuwa mimi.

Mtu atauliza, chama kikifa kuna hasara gani? Kuna simu. Tunayo simu moja ya zamu, tunaibeba kwa kupokezana sisi wakunga wakongwe wa mjini, na mkunga aliye peke yake kwenye kituo kidogo cha afya akikwama anatupigia. Wakubwa wa hospitali wanatuacha tuipokee katikati ya kazi kwa sababu ya barua yenye muhuri wa chama. Bila chama, barua haina maana, na simu inazimwa. Mwaka ule mafuriko yalipoingia Gatumba, kando ya mji, binti mmoja mkunga aliyekuwa ametoka shule juzi tu alinipigia mchana: mzazi anavuja damu, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, barabara imekatika. Nilimwelekeza pa kuweka mikono na jinsi ya kubana, nikabaki naye hewani mpaka damu ikakatika. Mzazi yule aliishi. Tangu siku hiyo binti akawa ananiita mama, na Gatumba ikawa inatupigia kuliko kwingine kote.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana ni wangu, sitamsingizia mtu. Zamani daftari lilikuwa na watu arobaini. Nusu yao ni ishirini, na ishirini walikuja kila mara, wakinung'unika lakini wakija. Mimi nikaona ni wachache. Nikaanza kuzunguka hospitali na kliniki saa za mapumziko, daftari kwapani, nikihubiri kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Vijana walinisikiliza kwa adabu, wakaniuliza watapata nini. Nikawatajia mafunzo, wakapiga miayo. Nikawatajia simu, wakasema Mungu atubariki. Siku moja nikasema tu, bila kufikiri, kwamba mwanachama anapewa cheti cha uanachama chenye muhuri, na kwamba waajiri wengine ng'ambo wanakiulizia. Kalamu yangu iligombaniwa.

Nilifurahi, wacha niseme ukweli. Nilimpelekea rais wa chama chetu, mama mmoja aliyezalisha wazazi wa mji huu mpaka mgongo ukapinda, daftari lenye majina sabini na manne, naye akanipigia makofi. Hakuna kati yetu aliyejiuliza mtu anayeingia chamani ili apate karatasi ya kuondokea atakaa siku ngapi. Walikwenda mmoja mmoja, wengine Ubelgiji, wengine Kanada, wengine nchi za Waarabu. Na kwetu mtu hajiuzulu, kwa sababu kujiuzulu ni ugomvi. Mtu anakuambia tuko pamoja, anakushika mkono kwa mikono yake miwili, halafu hayupo, na jina lake linabaki daftarini likidai kiti. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kadiri nilivyoandikisha watu, ndivyo nusu ilivyopanda na ukumbi ulivyokuwa mtupu.

Jumamosi ile kazi za jamii, zile za kila Jumamosi asubuhi zinazofunga barabara, ziliisha, njia zikafunguliwa, lakini mafuta hayakuwepo mjini, kwa hiyo wengi walikuja kwa miguu. Saa tano walikuwa ishirini na sita. Saa sita, thelathini na mmoja. Nilisimama mlangoni nikihesabu vichwa kama mwenye mbuzi. Mmoja akaaga kwamba ana harusi. Nikamwambia akitoka nitamfuata huko huko nimtoe mbele ya wakwe, akaketi. Nikapigia kila wodi niliyoijua, nikiomba, nikitisha, na mara mbili nikilia, mtu mzima mimi. Wakaja watano na makoti yao ya kazi, wakisema wana nusu saa tu. Tukawa thelathini na sita.

Rais akaja kusimama kando yangu. Akaniambia kwa upole kwamba tumefanya tulichoweza, kwamba hata mimba nyingine hazifiki. Nilitaka kumpiga. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikasali sala ambayo siwezi kuiandika hapa.

Ndipo nikamwona binti wa Gatumba akipandisha njia, vumbi mpaka magotini. Alikuja sehemu kwa baiskeli, na pale baiskeli za abiria zinapokatazwa kuingia mjini akaanza kutembea. Sikumwuliza hata hali. Nilimkumbatia, nikamvuta ndani, nikatangaza thelathini na saba kwa sauti iliyowashtua waliokuwa wamesinzia. Rais akauliza kama chama kiendelee, na mikono yote ikapanda, wa binti yule ukiwa juu kuliko yote. Akinamama wakapiga vigelegele. Nikaleta haraka hoja ya kuwafuta wanachama walioondoka, na hakuna aliyeinua mkono, kwa kuwa kila mmoja ana dada au rafiki katika yale majina. Hata mkono wangu ulikuwa mzito.

Wale watano walikimbilia wodini. Binti alinisubiri mpaka nikabaki peke yangu mezani, akatoa bahasha kifuani.

"Mama, mi siwezi kukudanganya. Sikukuya juu ya réunion. Nilikuya juu ya attestation."

Cheti tu ndicho kilichokosekana katika bahasha yake ya safari. Nilimwuliza nani atabaki kituoni Gatumba.

"Hakuna mutu, mama. Lakini we mwenyewe ndiye ulituambia iyi karatasi inafungula mulango."

Ningeweza kusema muhuri nimeusahau nyumbani. Ulikuwa mkobani, nilikuwa nimeubeba asubuhi yote. Nilimwomba abaki, nilimwomba vibaya, kama mtu anayeomba asiachwe na mume. Akainyosha bahasha juu ya meza. Basi nikaandika jina lake, nikaandika kwamba ni mwanachama mwaminifu aliyehudhuria mkutano mkuu, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikagonga muhuri.

"Tuko pamoja, mama," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Wiki hii zamu ya simu ni yangu. Nimeichaji, nimeiweka juu ya meza, naitazama nikila. Wanawake wa Gatumba wanazaa kama kawaida, na kutoka huko hakuna anayepiga.