Jiwe Lililokatwa kwa Mshumaa

Bi Jicho, mkata almasi, binti wa mkata almasi, mjukuu wa fundi aliyepima pembe kwa macho tu, aliletewa pete ya zamani. Mwenye pete, aliyeketi mbele yake, alitaka jiwe likatwe upya, limeremete kama la shoga zake.

“Mama, tulikate tu. Limezubaa,” alisema binti wa Bi Jicho, aliyekuwa akijifunza ufundi kwake.

“Umezubaa wewe. Likishakatwa halirudi.”

Akafunga pazia, akawasha mshumaa. Jiwe likatoa cheche nene, nyekundu na buluu. Babu yake alikata mawe kwa nyuso pana, zile bapa za jiwe, kwa ajili ya mwanga huo wa mshumaa. Nyuso nyembamba zilikuja na taa za umeme.

Mwenye pete alikodoa macho. “Basi liacheni.”

Bi Jicho akamkabidhi bintiye pete. “Ukingo wa jiwe umemeguka kidogo. Sugua hapo tu, kwa mkono na unga wa almasi. Kwingine usiguse.”