Kola kwa Mwendo wa Wote

Tangu aajiriwe na kiwanda cha mashati, Chapuchapu hakuwahi kushona shati. Alishona kola. Kola nyeupe, kola za mistari, kola za wanafunzi na za mabwana harusi. Shati lenyewe lilikwenda zake kwa mafundi wengine, yeye akabaki kama mtu aliyealikwa karamuni akaishia kuosha masufuria.

Jina hilo alipewa kwa kejeli wiki ya kwanza, alipotaka kuonyesha ufundi. Jirani yake alichukua mkasi akagonga meza: ko, ko. Mwingine akagonga. Msichana wa watu akadhani ndiyo makofi ya kupongezwa, akazidisha mbio! Ikabidi shangazi yake, aliyemlea na kumwombea kazi, ainame kutoka cherehani ya pili.

"Punguza mguu, mwanangu. Bosi akiona mmoja anaweza, kesho atasema wote tunaweza. Wewe una vidole. Mimi nina vijiti vya kuni."

Akapunguza. Na safu nzima ikampenda. Alipougua, walijigawia kola zake wakazishona kimyakimya, bosi asijue kama kuna mtu anatetemeka kwa homa chini ya meza.

Kisha ikatoka nafasi chumba cha sampuli, ghorofani, ambako fundi mmoja hushona shati la kwanza la kila mtindo, zima, kuanzia kitambaa hadi kifungo. Chapuchapu aliomba kabla hajajishauri. Mtihani ungefanyiwa palepale, kwenye cherehani yake, msimamizi ameshika saa.

"Kwa hiyo unatukimbia," alisema Mama Vifungo wa safu yao wakati wa chakula. Ulimi wake ungeweza kutoboa ngozi bila sindano.

"Siwakimbii, dada. Napanda ngazi tu."

"Na ngazi ndiyo migongo yetu, siyo?"

"Mwacheni mtoto," Shangazi aliingilia. "Juu wanataka usafi. Atashona vizuri, lakini kwa mwendo wa wote. Si ndivyo, mwanangu?"

"Ndivyo, shangazi. Nimeahidi."

Na siku ya mtihani alianza kwa kuishika ahadi vizuri. Mfuko ukakaa sawa, mikono ikaingia bila mkunjo. Safu ilishona huku ikimtazama kwa pembe ya jicho. Ilipobaki kola, msimamizi akatazama saa, akatikisa kichwa.

"Kazi safi. Ila yule fundi wa nje aliyefanya mtihani huu jana, muda kama huu alikuwa ameshamaliza."

Chapuchapu alilitazama shati. Lilikuwa shati kweli, halina kola tu. Kama angelipunguzia mguu hapo, lingekwenda ghorofani na mtu mwingine, naye angerudi kwenye kola mpaka azeeke nazo.

Akakanyaga.

Ko, ko. Akausikia mkasi wa kwanza. Ukaja wa pili, kisha safu nzima ikawa inagonga, meza zinaruka, msimamizi anauliza kuna nini. Mkasi mmoja tu haukugonga. Shangazi alikuwa ameushika wake mapajani, kwa mikono miwili.

"Kumbe kola ni dakika hizi tu?" msimamizi alisema, akaigeuza saa aione vizuri. "Na sisi tunadanganywa humu!"

Nafasi akaipata. Ubaoni kiwango cha safu kikapanda siku iyo hiyo. Wenye vidole wakakimbizana nacho. Shangazi alijaribu, akachemsha, akahamishiwa meza ya mlangoni kukata nyuzi zinazoning'inia, kwa mshahara wa anayeanza kazi.

Sampuli zote hupitia meza hiyo. Chapuchapu alishuka na shati lake la kwanza, zima, amelibeba kama mtoto mchanga. Mama Vifungo alimpisha njia kwa heshima nyingi kupita kiasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Shangazi alilikagua shati mshono kwa mshono, bila haraka. Kwenye kola akasimama. Uzi mdogo ulikuwa umechomoza.

"Hapa ulikimbia," alisema, akaukata.

Akalikunja, akamrudishia. Chapuchapu alilipokea lakini hakuondoka. Alisimama akingoja lile neno moja ambalo huwa linafuata, la mwanangu. Shangazi alikuwa ameshavuta shati jingine.