Nilivyomvuta Mwenzangu Asimame

Sisi wa sarakasi tuna sheria moja: ukianguka, simama upesi, nyanyua mikono, cheka, wageni wadhani ndivyo ilivyopangwa. Aliye karibu akuvute. Sheria hiyo niliifundisha mimi, kwa hiyo nikilalamika nianze na mimi mwenyewe.

Tulikuwa sita. Mazoezi tulifanyia kando ya bwawa la Manchira, na jioni, kabla ya chakula, tuliwachezea watalii kwenye kambi moja ya Serengeti. Mkataba ulisema sisi ni wasanii wa kujitegemea. Wapishi na walinzi wana bima ya kazini. Sisi tunaingia na kutoka kama wauza mboga. Nisimwonee meneja: ni yeye aliyetushauri tujikatie bima ya ajali ya kikundi, akatutafutia hata fomu. Tukajikatia. Tukajiona watu.

Mwenzangu mmoja, mtu wa kijiji cha Itiryo, ndiye aliyesimama juu kabisa ya piramidi. Mimi nilikuwa chini. Jioni moja wa katikati aliteleza, na yule wa juu akaja kwa mgongo kwenye jukwaa la mbao. Nilisikia mlio. Ulikuwa wa mbao au wa mgongo wake, hadi leo sijui. Nikamshika mkono, nikamvuta, nikapaza sauti ile yetu ya kumalizia mchezo, "Hepa!" Akasimama, akacheka, akainama mara mbili. Watalii walipiga makofi kuliko siku zote.

Kwenye gari akaniambia polepole, akiniita kijana kwa lugha ya kwao, "Mura, miguu siisikii vizuri."

"Ni baridi hiyo," nikasema.

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilishtuka. Sikushtuka.

Kadi ya bima ya kaya yake ilimfikisha hospitali ya wilaya, ikaishia hapo. Daktari alisema ni uti wa mgongo, apelekwe Mwanza akafanyiwe upasuaji, tena mapema. Tegemeo likabaki ile bima ya kikundi. Ikikataa, hakuna upasuaji.

Dada wa ofisi ya bima alinikalisha, akanipa maji. Alikuwa na video ya onyesho lile la kambini.

"Kaka, nionyeshe anapoumia. Mimi naona mtu anafurahi."

"Ndiyo kazi yetu, dada."

"Basi mmeiweza."

Hakunidhihaki, nadhani. Akanipa karatasi nieleze yote niliyoyaona. Mimi ni wa darasa la saba, nikiona karatasi ya ofisi mkono unakuwa mzito, lakini niliandika. Kuteleza. Mlio. Na kwamba nilimvuta kwa nguvu kabla sijamuuliza neno. Wenzangu waliposikia walinirukia: "Nani alikuuliza habari za kuvuta? Ulidhani uko kwa padri?"

Jibu likaja kwamba huenda madhara yametokana na kunyanyuliwa vibaya baada ya kuanguka, na kunyanyuana hakumo kwenye bima yetu. Nililisoma mara tatu nikitafuta uongo, sikuuona. Daktari mwenyewe alisema hawezi kujua. Tulijikatia bima ya watu wanaoanguka, kumbe inamfaa asiyeinuka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nimekosa wa kumchukia.

Nilikwenda Itiryo kumpelekea ile barua. Nilimpa mama yake shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Mwenzangu alikuwa amekaa nje kwenye kiti, miguu imewekwa juu ya kreti ya soda. Akaisoma mpaka mwisho.

"Umeandika kweli," akasema. "Ila ungeandika kidogo, mura."

Akaikunja barua, akanirudishia.

"Na ungeniacha pale chini, ungekufa kwa aibu?"

"Kufa, hapana. Aibu ningeona."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyejibiwa bei aliyoitarajia.

Wakati wa kuaga nikamuuliza mgongo unaendeleaje. Akanyanyua mikono yote miwili juu, akacheka meno yote nje, vilevile nilivyomfundisha. Nilimtazama sana usoni nijue kama anaumia. Sikuweza kujua.